Blanketi la Pili

Watu wakiuliza kwa nini jeshi humpa mtu zawadi kabla hajafanya kazi hata ya siku moja, mimi hucheka kwanza, halafu nakasirika. Jibu ninalo.

Wakati wa vita vya Kagera nilikuwa nimetoka kujifungua mapacha. Tulikuwa Biharamulo, katika kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari, na duka la kijiji lilikuwa na chumvi, viberiti na muuzaji. Nguo hakuna, sabuni hakuna. Baridi ikizidi niliwafunika wanangu koti la baba yao.

Mwenyekiti akaitisha mkutano, akasema mgambo wanatakiwa wakaungane na jeshi. Wanaume wote wakatazama chini kama waliodondosha sindano. Siku ya pili akaja na robota la mablanketi: atakayeandikisha jina anaondoka na blanketi lake papo hapo, vita baadaye. "Mkono mtupu haulambwi," akasema. Lo! Uzalendo ulivyolipuka! Aliyekuwa akichechemea juzi alikuja mbio. Babu mmoja asiye na jino hata moja aliapa kwamba ana miaka thelathini.

Mume wangu alikuwa mwoga, hata kuku alimwita jirani amchinjie. Lakini aliandikisha, akaniletea blanketi zito la kijivu. Sasa, kwetu pacha hawabaguliwi. Ukimpa huyu, na yule umpe kilekile, la sivyo mmoja atasusa dunia na kuondoka. Kulikata niliogopa, ni mali ya serikali. Walale wote chini ya moja? Mwenzangu, hao walikuwa wakipigana mateke tangu tumboni.

"Baba mapacha," nikamwambia, "kule kijijini kwa wazazi wangu nako wanagawa."

"Si nimeshajiandikisha hapa?"

"Kwani ukijiandikisha mara mbili utakufa mara mbili?"

Akaenda. Akajiandikisha kama mkazi wa nyumba ya baba yangu, akarudi na blanketi la pili. Nilipiga vigelegele, Mungu anisamehe.

Malori ya vijiji vyote viwili yakapeleka watu uwanjani Biharamulo mjini siku ileile. Mume wangu alinisimulia baadaye: jina lake likaitwa, akaitika, "Nipo!" Likaitwa tena kwenye mstari wa pili, akachomoka mbio, akaitika tena. Alifanya hivyo asubuhi nzima, mpaka wakaamriwa kusimama bila kutikisika wahesabiwe vichwa. Kijiji cha wazazi wangu kikakutwa na pungufu ya mtu mmoja.

Katibu wa kile kijiji akarudi kumtafuta mtu wake, moja kwa moja mpaka kwa baba.

"Blanketi limeingia nyumba hii," akasema, "mtu hajatoka."

Nyumbani alikuwepo mdogo wangu wa kiume. Huyo alilikataa blanketi mbele ya mkutano mzima, kwa sababu alikuwa anaoa baada ya mavuno ya maharage.

"Mimi sijachukua kitu chenu," akamwambia katibu.

"Nyumba imechukua."

Niliposikia nililichomoa lile blanketi chini ya mtoto mmoja, nikamwacha kwa jirani, nikakimbia nalo bondeni na mlimani, na mtoto mwingine mgongoni, nikamkuta katibu bado yuko uani. Nikamsukumia mikononi. Akalinusa. Lilikuwa bichi kwa mkojo.

"Hili limeshatumika," akasema, akanirudishia.

Mdogo wangu akapanda lori bila blanketi, maana lake, kwa mujibu wa daftari, lilikuwa limeshatolewa.

Ndiyo maana wanatoa kwanza. Hotuba isingemtoa mume wangu mlangoni hata wangehutubia mwaka mzima. Lile blanketi lilininunua mimi niliyekuwa ndani na watoto wanaotetemeka, na mimi nikawatoa wanaume wawili kwa mikono yangu.

Mume wangu alirudi amenenepa. Walimweka jikoni akapika ugali muda wote wa vita. Mdogo wangu hakurudi. Habari ilipofika nilikwenda kwa mama na watoto wote wawili. Nikapiga magoti, nikamwambia, "Shikamoo, mama." Akawapokea wajukuu, akawapakata, akawauliza kama wamekula. Mimi hakuniitikia. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, nami nilimwamkia kila nilipofika. Marahaba yake sikuisikia tena.