U Sita Zilizofuatana

Mwaka huo wa tisini na kitu nilikuwa napiga chapa tasnifu ya mtafiti mmoja kwenye ofisi ndogo mjini. Nilikaa mtaa wa Lindi, Kibera. Dada yangu mkubwa alikuwa na saluni karibu na stegi ya matatu ya Kawangware 56, na alikuwa ameanza kukonda.

Tasnifu ilihusu virusi vya Ukimwi, ila mimi niliona herufi tu. Ukurasa mmoja ulikuwa na U sita zimefuatana. Nikadhani amekosea, nikafuta tano, nikaacha moja.

Kesho yake mtafiti akaja ameshika karatasi. "Nani amefuta U zangu?"

"Ni mimi. Nilidhani ni makosa."

Hakunigombeza. Alivuta kiti akanieleza. Ndani ya seli kuna mitambo midogo, ribosomu, inayosoma ujumbe wa RNA, ambao U ni mojawapo ya herufi zake, herufi tatu tatu na kuunda protini. Kirusi hakina mitambo yake. Hupenyeza ujumbe wake, na seli huusoma kama wa nyumbani. Kwenye zile U, mara chache ribosomu huteleza, ikarudi nyuma herufi moja. Kuanzia hapo usomaji wote hubadilika, zikatoka protini nyingine ambazo kirusi kinazihitaji, lakini kidogo tu.

"Ikiteleza sana, kirusi kinaharibikiwa. Isipoteleza, vilevile."

"Sasa hayo ni makosa ama si makosa?"

"Ni makosa yanayohitajika."

Nilirudia kupiga ukurasa huo mara tatu.

Jumamosi nilimkuta dada amekaa kwenye kiti cha wateja, hana nguvu ya kusuka. Ugonjwa wake hatukuwahi kuutaja. Nikamweleza nilivyoelewa.

"Kumbe mwili wangu ndio unavitengeneza hivyo virusi?"

"Ndio."

"Na haujui?"

"Sijui kama unajua."

Akageukia kioo. "Si huyo daktari wako aizuie hiyo ribosomu kuteleza."

Jumatatu nilimwuliza mtafiti. Alisema watu wanajaribu, bado. Sikujua hiyo bado ni ya miezi ama miaka, na niliogopa kuuliza.

Dada alifariki kabla tasnifu haijatiwa jalada. Majirani walisema ni kifua, nami nikaitikia, kifua.

Baada ya mazishi mama alinivuta kando. "Wewe unayewaandikia madaktari, mtoto wangu aliuawa na nini?"

Nikaokota kijiti. Nikachora U sita mchangani, moja baada ya nyingine, nikaanzia hapo.