Mtori wa Jumapili

Kama kuna mwanamke Kibosho aliyejua kuchagua, ni Kornelia, Mama Violet. Hata ng'ombe wa kununua alimpapasa kiwele kabla hajauliza bei. Basi mumewe Filemon alipoharibika, watu walidhani atamwachia Mungu na mashemeji, kama wanavyofanya wengine. Kornelia alijifunga kitenge akaenda kumtafutia mahali pa kutibiwa, kama mtu anavyomtafutia mtoto shule.

Filemon hakuzaliwa mlevi. Alikuwa mpima kahawa wa chama cha msingi cha ushirika, mtu wa shati jeupe na kalamu mfukoni. Wanunuzi binafsi walipoingia na magari yao, miaka ile ya tisini, chama kikapunguza watu, naye akapunguzwa. Akaanza na mbege ya jioni, pombe yetu ya ndizi na ulezi, kama wanaume wote wa mlimani, akahamia kwenye piwa, ile gongo yetu inayopikwa makorongoni, na mwisho akawa anainywa kabla ya chai. Halafu akaanza kujibizana na marehemu kaka yake kwenye migomba. Watoto wakawa wanapitia nyuma ya nyumba wakienda shule ili wasimsikie.

Siku alipomwinulia Violet panga huku akimwita jina la mtu mwingine, Kornelia alisema sasa basi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye alikuwa ameficha vya kutosha.

Alianzia Mkuu, kule Rombo, kwa mwombaji mmoja aliyesifiwa sana kwa kuponya wagonjwa kwa sala. Mwombaji alikuwa na maneno matamu. Kornelia hakuyasikiliza. Alitazama vifundo vya miguu ya wagonjwa, akaona makovu ya mnyororo, akaaga kwa adabu akaondoka. Hospitali mjini daktari alimpokea Filemon vizuri, akampa dawa za kutuliza zile sauti, ila akasema wazi kwamba dawa peke yake haitoshi. "Pombe inataka mahali pa kukaa, mama, na watu wa kukaa naye," alimwambia. Mwisho akafika kwenye nyumba moja ya masista ng'ambo ya korongo. Wanaume wa pale walikuwa wanalima kabichi na kulisha nguruwe, na jioni waliketi pamoja kusimuliana yaliyowafikisha pale. Kornelia akatazama miguu. Ilikuwa na matope tu.

Jirani yake Salvina alimcheka kwa kuzunguka kule. "Mama Violet, mchagua nazi hupata koroma."

"Kibosho nazi haioti," Kornelia akamjibu.

Msimamizi wa nyumba ile, Sista Theopista, alikuwa mwanamke mfupi wa maneno machache. Alimuuliza Kornelia swali ambalo hakuulizwa kwingine kote. "Kwenu nani anapika pombe?"

Kornelia akainama. Mpishi alikuwa mama mkwe wake, Bibi Mektrida, na mbege yake ilijulikana mpaka parokia za jirani. Hakuna kipaimara wala harusi iliyofanyika bila pipa lake. Sista akataka aje. Bibi akaja amejitanda kanga mpya, akaapa mbele yao wote wawili, kwa ziwa alilomnyonyesha Filemon, kwamba pipa litaondoka nyumbani na tone halitagusa mdomo wa mwanawe. Kornelia alilia. Tusidanganyane, hakuwahi kumpenda mama mkwe wake kiasi hicho, ila siku ile alimpenda.

Filemon alipopokelewa, masista waliruhusu ndugu walete chakula Jumapili, kwa sababu mgonjwa hamu yake iko kwao. Bibi Mektrida akajitolea. "Wewe una watoto na ng'ombe, mwanangu. Mtori wa Filemon nitampelekea mimi." Basi kila Jumapili Kornelia aliamka mapema, akapika mtori wa ndizi na nyama ya mfupa, akaukoroga mpaka ukalainika kama wa mzazi, akaujaza kwenye chupa nyekundu ya chai. Bibi aliichukua akaondoka nayo baada ya misa, isipokuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi, Kornelia alipokwenda mwenyewe. Jioni aliirudisha imeoshwa, inang'aa. Tangu Kornelia aolewe, mama mkwe wake hajaosha hata kijiko katika nyumba ile. Kornelia aliitazama ile chupa akasema moyoni, kumbe ugonjwa wa mtoto unaweza kumbadili mtu hata uzeeni.

Lakini Filemon hakupona. Wenzake walioingia naye wakawa wanaimba kanisani, yeye anarudi nyuma. Mwezi wake wa pili pale, Sista akamwita Kornelia. "Kuna kitu kinamwingia. Jumapili jioni anacheka, Jumanne anatetemeka, na zile sauti zimerudi. Akiendelea hivi siwezi kumweka, atawaharibu wenzake."

Kornelia aliwaka. "Kwangu hakitoki, Sista. Huyo mlinzi wenu wa getini, mnamjua vizuri?" Akasema na mengine, hata kwamba wanawake wasioolewa watajua nini cha mume wa mtu. Sista hakumjibu vibaya. Alimwambia tu kwamba akitaka kumwondoa, mlango haujafungwa. Kornelia alirudi nyumbani na uchungu wa mtu aliyechagua kwa akili zake zote akakosea. Aliamua kwamba Jumapili ikipita atamtoa Filemon, aanze kutafuta upya. Wapi, hakujua. Alifikiria mpaka Mkuu, kule kwenye minyororo.

Jumapili ile mvua ya masika ilimwagika. Bibi Mektrida alirudi ameloa chapachapa, anatetemeka, akaiweka chupa karibu na mafiga akaenda kujilaza. Kornelia aliichukua aioshe. Alipofungua kifuniko, alikaa chini palepale. Hakuna mtoto wa mlimani asiyeijua harufu ile, ya ndizi mbivu iliyochacha na uchungu wa gome la msesewe. Chini ya chupa kulikuwa na makapi ya ulezi.

Akaenda nayo mpaka kitandani. "Mama, hii ni nini?"

Bibi aliitazama chupa, akamtazama mkwewe, wala hakuona aibu. "Ni mbege. Mimi niliapa juu ya pombe. Piwa ndiyo pombe. Mbege ni chakula, baba yake ameinywa mpaka uzeeni na hakuzungumza na mizimu. Nyie mnamkausha mwanangu kwa dawa."

"Na mtori wangu?"

"Nilimwachia Salvina. Pipa si nililihamishia kwake? Watoto wake wanaupenda."

Kornelia alitaka kucheka, kicheko hakikuja. Akawakumbuka watoto wa Salvina walivyonawiri, na Salvina mwenyewe anavyomwuliza kila Jumatatu, kwa huruma kabisa, mgonjwa anaendeleaje. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, lakini hawakusema kwamba utakuwa unakipikia.

"Mama, umemuua mume wangu."

"Mume wako?" Bibi akajiinua kwenye mto. "Mimi nimemnyonyesha. Wewe umemkuta ana ndevu." Halafu sauti yake ikashuka. "Na hata hivyo sikuanza mimi. Aliniomba. Jumapili ile ya kwanza kabisa, alinishika mkono akalia. Akasema, mama, niletee kidogo tu, ila Mama Violet asijue."

Hilo ndilo lililomchoma Kornelia kuliko mengine yote. Mama mkwe alikuwa mzee na mbege ndiyo dunia yake. Salvina alikuwa Salvina. Lakini Jumapili zile za mwisho wa mwezi alipokwenda mwenyewe, Filemon alimwambia, "Mke wangu, mtori wako ndio unaniponya." Alimwambia akimtazama machoni, naye akatembea njia nzima ya kurudi akiwa na furaha.

Kesho yake alikwenda kwa Sista Theopista. Hakuzunguka. "Tumsifu Yesu Kristo, Sista. Kilitoka kwangu." Akaeleza yote, na akaomba radhi kwa ajili ya mlinzi na kwa maneno yale mengine. Sista akamvutia kiti. Akasema Filemon ataanza upya tangu siku ya kwanza, mara moja tu, na kwamba kuanzia sasa chakula ataleta Kornelia peke yake. "Leo hii nitamwambia kwamba tunajua," Sista aliongeza. "Yaliyobaki atakueleza mwenyewe."

Katikati ya wiki Bibi Mektrida aliingia jikoni ameshika jani la isale lililopigwa fundo. Kwetu ukiletewa isale umeombwa msamaha kwa lugha ya mababu, na kulikataa ni kujitafutia laana. Kornelia alilipokea, akalichomeka juu ya mlango.

"Nimekusamehe, mama. Lakini chupa nitabeba mwenyewe."

"Haya, mwanangu," alisema Bibi, akakaa kumenya ndizi.

Jumapili Kornelia alivuka korongo na chupa yake nyekundu. Alimkuta Filemon kwenye benchi nyuma ya bweni, amenyolewa, shati safi. Filemon aliipokea chupa kabla ya salamu. Akafungua kifuniko, akainamisha pua, akavuta harufu. Kornelia aliuona uso wake ulivyoanguka.

"Mama haji?" aliuliza.

"Haji tena. Nimeleta mimi, Baba Violet."

Filemon akaiweka chupa chini. Akatazama kabichi, akatazama viatu vyake. Nyuma ya benchi ulikuwa ua wa masale, masista waliupanda zamani kuzuia nguruwe, na majani yalikuwa yamestawi mpaka yanamgusa begani. Angenyoosha mkono tu, angechuma isale moja. Kornelia alisubiri. Alisema moyoni kwamba hata bila fundo angelipokea, hata bila neno. Alisubiri mpaka kengele ya kuwaaga wageni ikalia, na Filemon alikuwa bado anatazama viatu.

Basi akafungua chupa, akamimina mtori kwenye kikombe, akaunywa mwenyewe mbele yake, wote, mpaka chupa ikabaki tupu.