Tulimtaja Mmoja

Baba yangu alikuwa mwenyekiti wa tawi la wafanyakazi katika kiwanda cha serikali cha majembe na mapanga, Dar es Salaam, enzi za ujamaa. Nchi nzima ilikuwa na chama kimoja cha siasa na chama kimoja cha wafanyakazi, na hicho cha pili kilikuwa mtoto wa cha kwanza. Mafundi chuma wakinung'unika, ofisa alikuja kuwauliza: kiwanda ni chenu, sasa mnataka kumgomea nani? Ukidai glavu za watu wote, unaitwa mchochezi.

Basi wazee wale wakajitungia njia yao. Hawakudai kwa niaba ya wote, walimtaja mmoja. Walimchagua mwenye hali mbaya kuliko wenzake, wakaingia kwa meneja kwa adabu, wakasema, "Ndugu yetu huyu anaungua mikono." Meneja wa ujamaa atamkataliaje ndugu mmoja? Makao makuu yakisikia, ataficha wapi uso wake? Huyo akishapewa glavu, baada ya muda wanapewa wote. Baba alitusimulia habari hiyo mpaka tukaijua kwa moyo. Leo kiwanda ni ghala la vigae kutoka nje, na lile tawi sijui hata lilizikwa lini.

Mimi nikaja na njia ile Riyadh, mjinga mimi.

Karakana yetu ilitengeneza mageti na vyuma vya madirisha, na tulilala mtaa wa Murabba, Watanzania tupu chumba kimoja. Mkubwa wetu alikuwa fundi kutoka Kigoma. Tulimwita kaka, maana ndiye aliyetupokea sote na kutufundisha kuchomelea kwenye jua la huku bila kuanguka. Kisha figo zake zikagoma. Hospitali ikawa inamsafisha damu kwa mashine, kwa bima ya kazini, na bima inakwenda na ikama, kile kibali cha kuishi huku. Kafili, yaani bosi aliyetudhamini, naye alikuwa na tabia ya kuchelewesha ikama za watu. Zetu karibu zote zilikuwa zimekwisha muda, na ya kaka pia. Hospitali ikamwambia alete ikama kwanza. Ikawa wanampokea akishazidiwa tu.

Sisi tulimficha. Tulimkalisha nyuma ya karakana, kivulini, akikwangua kutu kwa msasa, na kazi yake ya kuchomelea tukagawana. Msimamizi, Mmisri mmoja mwenye huruma, alipita pale akijifanya anaangalia simu. Bosi mwenyewe alikuja kwa nadra, akihesabu mageti, watu hakuwaangalia.

Ijumaa moja tukakaa chumbani kushauriana. Mmoja akasema twende tukadai ikama za wote. Nikamwambia hapana bwana, hujui mambo haya, mie nimezaliwa ndani ya tawi. Nikawaeleza njia ya wazee. Wakaipenda, na kaka mwenyewe akasema sawa.

Bosi alitupokea vizuri, akatumiminia kahawa kwa mkono wake. Nikasema kwa Kiarabu changu cha kuokoteza kwamba tuna ndugu yetu mgonjwa, ikama imekwisha, hospitali hawamtaki. Akauliza, "Yupi?" Tukamwonyesha dirishani, yule pale aliyekaa. Bosi akamtazama muda mrefu, kwa mara ya kwanza nadhani. "Maskini," akasema. "Halas, basi, nimesikia." Tulitoka pale tunapigana mabega kwa furaha.

Haukupita muda ikama zikatoka. Ya kwangu, ya mwenzangu, ya kila mtu mle chumbani, mpya, zinang'aa. Kaka alipewa viza ya kuondoka moja kwa moja, na tiketi. Msimamizi ndiye aliyetufafanulia, naye aliona haya: bosi ameogopa mtu asiye na ikama asije akamfia karakanani, serikali ikaanza kuuliza. Kwa hiyo mgonjwa arudi kwao, na hao wengine wawekwe sawa kabla hajaja wa kukagua. Kama wanaume wazima tulibeba mabegi ya kaka mpaka kwenye gari. Hakutulaumu. Alituombea.

Mimi msemaji nikahamishiwa Jeddah, tawi la bosi huyo huyo, nikapanga mtaa wa Kandara, chumba kisichoingiza hewa. Kutoka huko nikampigia baba nikamsimulia yote.

"Ulimtaja mwenzio ili nani aone haya?" akaniuliza.

Nikasema bosi.

"Haya kwa nani, mwanangu? Sisi meneja alikuwa na wakubwa zake, nao walikuwa wameapa mbele ya watu kwamba mfanyakazi ni ndugu. Tuliwabana kwa uongo wao wenyewe. Huyo bosi wako aliwahi kukuambia kwamba wewe ni ndugu yake?"

Nilichukia, sijui nilimchukia baba au nani. Maisha yangu yote nimebeba ile hadithi kama urithi, kumbe urithi wenyewe hauvuki mpaka.

Kwao kaka, hospitali yenye mashine ni safari ndefu ya basi, na mtu wa kusafishwa damu kila mara hawezi kuishi ndani ya basi. Alikuwa akinitumia sauti kwenye simu, ananisalimia, anauliza joto la Jeddah, anacheka. Kisha kicheko kikapungua. Sauti ya mwisho ilikuwa fupi, pumzi inakatika.

"Nimesikia wote mmepata. Hongereni," alisema. "Lakini mdogo wangu, kwa nini mlinitaja? Mngeniacha tu pale kivulini, nakwangua kutu."

Niliisikiliza tena na tena, naanza kumjibu, nafuta. Nilikuwa bado natafuta la kumwambia kaka, ndipo mkewe akanipigia kusema wameshamzika.