Kijiti cha Kupimia Gari

Kipyegon wa Roret aliingia kwenye duka la magari mapya kule Kisumu akiwa na kijiti mkononi. Haikuwa fimbo ya kuchungia wala bakora ya kutembelea. Kilikuwa kijiti cha mkaratusi kilichomenywa ganda, kimetiwa alama mbili kwa kisu: moja chini kabisa, chini ya goti la mtu, na nyingine juu, usawa wa sikio la mwanamke mfupi.

Rafiki yake Thuo, mwenye duka la vyuma pale Roret, alikuwa amemsindikiza ili asiuziwe maneno matupu. Alikitazama kile kijiti, akavumilia, mwishowe akashindwa.

"Kipyegon, tumekuja kununua gari ama ng'ombe?"

"Gari."

"Basi hiyo fimbo iache mlangoni. Watatuona washamba."

"Si ndiyo sisi? Majani chai yanatoka wapi, kama si shambani?"

Thuo akacheka, na kijiti kikaingia.

Huyu Kipyegon ni mtu wa maziwa. Alianza na baiskeli akiwa kijana, mitungi imefungwa nyuma kwa mpira, akipanda na kushuka vile vilima mpaka kwenye mtambo wa kupoza maziwa. Baadaye akapata pikipiki. Siku moja ya mvua pikipiki ikamlalia akavunjika mguu, na hapo ndipo ilipoanza habari ya kijiti hiki, ingawa wakati huo hakuna aliyejua.

Alipokuwa amelala na plasta, akiwaza maziwa yake yataharibika na wateja watamkimbia, kila asubuhi mitungi ilikuwa ikiondoka getini na kurudi mitupu, imeoshwa. Mama mkwe wake, Mama Edinah, anayekaa ng'ambo ya kijito, alikuwa akiibeba mgongoni kwa kamba ya kichwani, mlima mzima, mpaka kule juu. Hakuingia ndani hata siku moja kumwambia pole. Mama mkwe haingii ovyo chumbani mwa mkwe. Aliweka mitungi, akakohoa ili watu wajue, akaenda. Plasta ilipotolewa, akaacha. Watu husema magoti yake yaliishia kwenye mlima ule. Yeye mwenyewe hajasema.

Sasa magoti hayakunjiki vizuri, na moyo nao una maneno yake. Daktari wa Kericho alitaka amwone kila mwezi, akasema asikose. Pikipiki hawezi kukalia. Basi mwaka jana, wakati wa mvua, jirani mmoja akaleta gari lake kwa roho safi, gari refu lililoinuliwa springi, tairi kama za trekta. Mama Edinah akaweka mguu, mguu haukufika. Akajaribu tena. Wanaume wakaja mbio kusaidia, huyu kwapani, yule akisukuma kwa nyuma kama anayepakia gunia la majani chai. Leso ikamtoka kiunoni mbele ya watu.

Kipyegon alikuwa hapo hapo, mwenye mikono ya nguvu kuliko wote, amesimama kando anatazama uzio. Mtu hamgusi mama mkwe wake. Hata salamu ni ya mdomo tu.

Jioni ile Mama Edinah alimwambia binti yake, Rebeccah, mkewe Kipyegon: "Wakati mwingine mtanipakia hivyo nikiwa nimelala kwenye sanduku. Nikiwa na macho yangu, hapana."

Na kweli, hakuenda kliniki tena. Rebeccah alilia, mchungaji akaomba, lakini wapi. Miguu ikaanza kuvimba.

Kwa hivyo bonasi ya chai aliyouza kiwandani mwaka mzima ilipotoka na chama cha akiba kikakubali kumkopesha, Kipyegon hakuwaza rangi ya gari wala redio. Aliwaza mguu wa mtu mmoja. Na mguu huo hangeweza kuuuliza. Utamwambiaje mama mkwe, inua mguu nione?

Jumapili moja aliona watu wakienda kanisani, naye akasema tumbo linamuuma. Akavuka kijito. Akafika jikoni kwa Mama Edinah, mahali ambapo mkwe hana kazi kabisa, akavua gumbuti zake za matope nje, asikanyage nazo mahali pa mama mkwe, akachuchumaa miguu mitupu mbele ya mlango. Pale pana jiwe la kukanyagia, na hilo Mama Edinah hulipanda bila shida. Akasimamisha kijiti kando ya jiwe, akakata alama. Kisha akatazama mwimo wa mlango. Kulikuwa na sehemu moja nyeusi inayong'aa, iliyolainishwa na kiganja cha miaka mingi. Hapo ndipo hujishika anapopanda. Akakata alama ya pili. Akavaa gumbuti akaenda zake kama mwizi wa kuku, akimshukuru Mungu kwamba hakuna aliyemwona.

Hicho ndicho kijiti kilichoingia dukani Kisumu.

Kijana wa kuuza aliitwa Gordon, suruali yake imepigwa pasi mpaka inakata. Akawaeleza kwamba pikapu ya milango minne anayoitaka mzee bado haijaundwa, itaagizwa. Kila atakachochagua leo kitafungwa kiwandani, kikae kama kilizaliwa na gari. Akikumbuka baadaye, hiyo ni kazi ya kuchomelea kando ya barabara.

"Winchi ya kujivuta ukikwama," alisema Thuo kabla hajaulizwa mtu. "Bampa ya chuma. Na lile bomba la kuvutia hewa linalopanda kando ya kioo."

"Thuo, bomba la nini? Tunavuka mto gani?"

"Hata kama hakuna mto! Gari likiwa na bomba, watu wanakupisha."

Gordon akatabasamu. "Kwa barabara zenu za huko juu, wazee, mimi ningesema kifurushi cha matope. Springi za juu, tairi kubwa. Hutakwama."

Lilikuwa neno la kweli, na Kipyegon alijua. Ule mteremko wa kijitoni mwezi wa Aprili huwa kama sabuni. Akasogea kwenye gari la maonyesho lililoinuliwa hivyo, akasimamisha kijiti mlangoni. Alama ya chini haikukaribia sakafu ya gari. Akaenda kwa lile la kawaida. Ilikosa kidogo tu, kama upana wa kiganja. Akazunguka, akapima mlango wa nyuma, upande wa kushoto, akapapasa ndani kutafuta mahali pa kujishika. Hapakuwa na kitu.

"Mzee, unapima nini?" Gordon aliuliza.

"Kuna mtu atakayepandia hapa."

"Si utamshika tu mkono apande?"

Kipyegon akakizungusha kijiti mkononi. "Ni mama mkwe."

Gordon akachomeka kalamu nyuma ya sikio. Kwao Wajaluo pia, mama mkwe si mtu wa kushikwashikwa. "Ah," alisema polepole. "Mama mkwe." Thuo alikuwa amefungua mdomo kutia utani mwingine, akaufunga. Naye ni mkwe wa watu huko Nyeri. Wanaume watatu wakasimama mbele ya mlango wa gari kwa adabu, kama walio kwenye boma la watu na bado hawajakaribishwa.

Kisha Gordon akapiga magoti sakafuni na pasi yake yote. "Lete hiyo fimbo. Ngazi za ubavuni ziko mbili. Hii nyembamba wazee wanateleza. Hii pana ina mpira. Ona." Alama ya chini ikakutana na ngazi. "Vishikio vya mbele vinakuja na gari. Vya nyuma vinaagizwa."

"Agiza."

"Lakini ukichukua springi za juu, mzee, na ngazi inapanda juu. Huwezi kupata vyote viwili."

Thuo akamvuta kando, akasema kwa sauti ya chini, bila mzaha sasa: "Aprili, Kipyegon. Utakwama na maziwa ya watu."

"Nikikwama nitachimba. Yeye akikwama nyumbani, nitachimba nini?"

Walipotoka, kile kijiti alikibeba Thuo.

Gari lilikuja rangi nyeupe. Mchungaji akaliombea uani kwa Mama Edinah, watu wakalizunguka, wakapiga tairi mateke kama kawaida ya watu. Mama Edinah alitoka na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, akawapa wote, akasema gari ni safi. Kulikaribia hakulikaribia.

Kipyegon akatambua kwamba macho hayo yote ndiyo uzio unaomzuia. Jioni ilipokaribia akamwambia Rebeccah kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni: "Gari litalala hapa. Kwetu pana maji uani. Milango sijafunga." Akaondoka kwa miguu.

Asubuhi alirudi akakuta ngazi ya kushoto ina matope. Si ya mguu mmoja, ni ya kupanda na kushuka, kupanda na kushuka. Kwenye kishikio palikuwa na masizi ya jikoni. Hakupangusa.

Siku ya kliniki Mama Edinah alitoka amevaa viatu vya kanisani. Rebeccah alishakaa mbele. Kipyegon akageuza uso, akatazama majani chai kama mtu anayeyahesabu. Akasikia kiatu kwenye mpira. Akasikia pumzi. Akatamani kugeuka. Halafu kiti kikalia na mlango ukafungwa.

"Twende," Rebeccah alisema. "Mama amekaa."

Na pale kijitoni, kama Thuo alivyotabiri, gari likazama. Kipyegon akashuka na jembe. Wachuma chai wakaacha vikapu, wakaja kusukuma, na mmoja akapaza sauti: "Mama asaidiwe kushuka, gari liwe jepesi!" Mikono ikanyooshwa kwenye mlango wa nyuma.

Mlango ukafunguka. "Nani ameomba mkono?"

Mikono ikarudi. Mama Edinah akajishika, akashuka mguu mmoja, akashuka wa pili, akasimama kando kwenye nyasi na mkoba wake. Wakasukuma, matope yakawarukia, gari likatoka likinguruma. Naye akalifuata polepole mpaka lilipo, akaweka kiatu kwenye ngazi, kiganja kwenye kishikio, akapanda mbele ya wote, leso imekaa kiunoni. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Kipyegon alikuwa akikung'uta jembe ambalo halikuwa na tope tena.

Walikuwa wamefika lami ndipo sauti ilipotoka nyuma.

"Kipyegon."

"Naam, Mama." Macho yake yalikuwa barabarani.

"Ile Jumapili ulipokuja kupima jiwe langu, sikuwa kanisani. Nilikuwa kwenye migomba."

Rebeccah akamgeukia mumewe.

"Nilishika ufagio nije nikufukuze," Mama Edinah aliendelea, akitazama nje dirishani. "Halafu nikaona umevua gumbuti."