Siku Niliyojiita Mkimbizi Pangoni

Kwenye pango la Wakurdi niliingia na sufuria ya wali kichwani na mtungi mdogo wa gesi mkononi. Wenzangu walikuja kutembea. Mimi nilikuja kuosha vyombo.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili wa kazi za ndani kwa mjane mmoja wa Kikurdi, mwenye miguu ya kuvimba na ulimi usiopumzika. Nilifika kwake kwa pasipoti ya Uganda. Mke wa askari wa kambi ya jeshi Mbarara, niliyekuwa nikimfulia nguo, ndiye aliyenipeleka kwa watu wanaotafutia wanawake kazi za ng'ambo. “Wewe sema uko Munyankole wa hapa hapa, basi,” aliniambia. “Nani ataenda kuuliza?” Nikasema. Mwenye njaa hachagui kabila. Nikamwachia mume wangu watoto wanne pale Kashojwa, ndani ya kambi ya Nakivale, pamoja na kadi yetu ya ukimbizi yenye jina langu la kweli, nikaondoka kimya kimya.

Sasa, wiki ile ya pango, mume wangu alikuwa amepiga simu. “Mama batoto, batatuita interview ya kuenda Amerika. Mwezi wenye kuja, siku ya Jumanne. Banataka kila mutu mwenye iko ku karte. Usipokuwa, banafunga dosiye.” Dosiye hiyo, faili letu la kuhamia Amerika, tulikuwa tumeingoja miaka kumi na miwili. Miaka kumi na miwili, jamani! Na pasipoti yangu imefungiwa kabatini, ufunguo uko shingoni mwa yule mama.

Nilimwomba jikoni, akasema mkataba haujaisha. Nilimwomba nikimkanda miguu, akasema mkataba haujaisha.

Pango lenyewe liko mlimani, na mlangoni pana nguzo zilizochongwa na watu wa kale ambao Wakurdi husema ni babu zao. Wajukuu wa mama walibaki hapo wakipiga picha. Yeye akanishika mkono, akanivuta ndani mpaka mahali ambapo dari ni jeusi tii kwa masizi. “Huu moshi ni wa mama yangu,” akasema. Ndege za vita zilipopiga kijiji chao alikuwa mtoto, na familia nyingi ziliishi humo majira yote ya baridi, mama yake akichemsha majani. Mdogo wake walimzika kwenye kona ile. “Tulikuwa wakimbizi,” akasema, akalia kabisa, kamasi na kila kitu.

Nami nikalia. Sikuigiza. Nilikumbuka mapango ya kwetu Kivu ya Kusini, siku tulizojificha humo mama akimziba mdogo wangu mdomo asisikike. Nikasema moyoni, Mungu wangu, mlango ndio huu! Kambini neno mkimbizi linafungua. Kwa daktari, ofisini, kwenye foleni ya maharage, unalitamka na unahesabiwa. Ukikaa Nakivale miaka mingi unasahau kwamba kuna fasi ambapo neno hilo ni kosa.

“Mama,” nikamwambia kwa kile Kikurdi changu cha jikoni, “hata mimi ni mkimbizi. Mimi si wa Uganda, natoka Kongo. Watoto wangu wako kambini, wananingoja.”

Machozi yake yakakauka palepale. Akaniachia mkono.

“Basi ile pasipoti ni ya nani?”

Loo! Kila nilivyoeleza nilizidi kuharibu. Tulipofika nyumbani akaanza kunifungia ndani. Aliogopa serikali imkute na mtu wa karatasi za uongo. Simlaumu. Hapana, namlaumu! Alikuwa amelia mbele yangu, na mimi mbele yake. Wiki nne alihangaika na woga wake, mwishowe akaona afadhali niondoke kabla sijamletea balaa, akanitupia pasipoti na tikiti miguuni.

Nilishuka kwenye basi Mbarara siku ya Alhamisi. Jumanne ilikuwa imepita.

Kashojwa nilifika kwa boda, vumbi mpaka kwenye meno. Mume wangu hakunikumbatia. Alinivuta ndani, akafunga mlango mchana kweupe.

“Majirani bamekuona?”

“Ku interview mulisema niko wapi?”

“Ningefanya nini? Bangefunga dosiye.”

“Nauliza, mulisema niko wapi?”

Aliyejibu ni kitinda mimba wetu, wa miaka saba. Alikuwa amenishika kitenge, ananichekea, meno ya mbele yameng'oka. “Mama alikufa na malaria,” akasema. “Tulimuzika ku kambi ya Oruchinga.”

Nilitaka kumrukia yule mwanamume. Nilitaka kupiga yowe kambi nzima ijae mlangoni. Lakini interview ya kwanza walikuwa wamepita. Wiki iliyofuata kulikuwa na interview ya pili, na mara hii watoto wangeulizwa mmoja mmoja, bila baba yao. Mtoto wetu mkubwa alikuwa amegeukia ukuta, analia. Nikaketi mkekani, nikamvuta mdogo mbele yangu, nikampangusa vumbi nililompaka.

“Sema tena.”

“Mama alikufa na malaria,” akasema, akicheka.

“Hapana, mwanangu. Usicheke. Na usiniangalie ukisema. Angalia chini. Rudia.”

Akaangalia chini, akarudia.