Milango Iliyokaza Kona Moja

Katika mji ule uliojengwa ubavuni mwa mlima, mlango wako ukigoma kufunga hukuuliza umwite nani. Ulimwita Bi Randa. Alikuwa seremala, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, mfupi, mwenye viganja vipana na sauti iliyosikika ng'ambo ya barabara. Karakana aliirithi kwa baba yake, pamoja na randa tatu, jiwe la kunolea, na tabia moja: kila mlango alioushika aliuandika. Tarehe, nyumba, mahali ulipokaza, na milimita alizochonga. Baba yake alimfundisha hivyo ili mteja akirudi na malalamiko, fundi asibabaike.

"Wenzako wanaandika barua za mapenzi," mumewe alimtania kila alipomkuta ameinamia daftari. Alikuwa mwalimu mstaafu, na ulimi wake ulikuwa haujastaafu. "Mke wangu anaiandikia milango."

"Angalau milango inanijibu," Bi Randa alisema bila kuinua kichwa.

Yakafika madaftari manne, ya miaka kumi na tisa.

Ndipo walipokuja watafiti. Kiongozi wao alikuwa mwanajiolojia, dada mwembamba asiyetulia, aliyezungumza huku anatembea. Walisimika vifaa vinane mlimani, vya kupima kwa setilaiti kama ardhi inateleza na kwa kasi gani. Baada ya miezi minane wakawaita wakazi kwenye ukumbi wa shule.

"Mpaka sasa hatuna hakika," mwanajiolojia alisema, akienda huku na huku mbele ya ubao. "Miezi minane ni michache mno. Tungekuwa na vipimo vya miaka kumi tu, tungejua mengi."

Bi Randa akanyoosha mkono. "Mwanangu, mnachotafuta ni kama nyumba zetu zinasogea?"

"Ndiyo, mama. Polepole sana. Milimita chache kwa mwaka."

"Basi mimi ninavyo vya miaka kumi na tisa."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. "Jamani, Bi Randa anataka kuupiga mlima randa!" akadakia fundi viatu kutoka nyuma.

"Cheka tu. Mlango wako wa jikoni nimeuchonga mara sita," akamjibu, na kicheko kikahamia kwa fundi viatu. Kisha akamgeukia mwanajiolojia. "Mbao ikinywa maji ya mvua, hukaza ubavu mzima, na kiangazi kikifika huachia yenyewe. Lakini kuna nyumba mlango hukaza kona moja tu, ya juu, mvua na jua, mwaka hadi mwaka. Hiyo si mbao. Hiyo ni fremu inasukumwa. Anayeisukuma simjui. Nilidhani nyinyi mnamjua."

Kwa mara ya kwanza siku ile mwanajiolojia akasimama mahali pamoja.

Kesho yake asubuhi walikuwa wawili katika ofisi ya watafiti, chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ramani ya mji imetandazwa mezani. Bi Randa alisoma, mwanajiolojia akaweka alama.

"Kwa mshonaji, mlango wa mbele, kona ya juu kulia, milimita nne. Miezi saba baadaye, hapo hapo, tatu. Kwa muuza maziwa, kona ya juu kushoto, tano."

Walisahau chakula cha mchana. Chai ilipoa, ikaletwa nyingine, nayo ikapoa. Ilipogonga saa tisa alasiri, ramani ilikuwa na vitone vyekundu mia mbili na kumi na viwili, na havikutapakaa ovyo kama punje zilizomwagika. Vilipanda upande mmoja wa mtaa, vikazunguka juu ya shule ya chekechea, vikashuka upande wa pili. Umbo la kwato ya farasi, wazi kabisa.

Mwanajiolojia alipiga ukelele uliompandisha mwenye duka mbio, akidhani mtu ameanguka dirishani.

"Shangazi! Njoo uone!" Heshima ya 'mama' ilikuwa imeshageuka ukoo. "Huu ndio ukingo wa ardhi inayoteleza! Katikati, nyumba zinasafiri pamoja kama abiria waliolala, hakuna anayejua. Ukingoni ndiko ardhi inakochanika, na ndiko milango inakopinda. Miaka kumi na tisa umekuwa ukiuchora huu mstari!"

Bi Randa akaiinamia ramani. "Na vifaa vyenu viko wapi?"

Mwanajiolojia akavitafuta kwa kidole, kisha akajishika kichwa akicheka kwa uchungu. "Sita kati ya vinane viko nje. Tumekuwa tukimpima homa mwenye afya, mgonjwa yuko chumba cha pili."

Bi Randa akainama zaidi. Ndani ya kwato aliona mitaa miwili, chekechea, na kiboksi kidogo alichokitambua. "Na karakana yangu imo."

"Imo, shangazi."

Wiki ile ile vifaa vikahamishwa, na mwezi haukuisha kabla havijathibitisha yote: ndani ya kwato ardhi ilikuwa imetambaa milimita kumi na mbili. Halmashauri ikaelezwa. Uwanja wa mpira, ulio kwenye mwamba imara, ukateuliwa kuwa mahali pa kukimbilia. Bi Randa naye akaja na lake. Alipita nyumba hadi nyumba na penseli ya useremala, akachora mstari mmoja unaovuka kutoka kwenye fremu hadi kwenye mlango. "Vipande viwili vya mstari huu vikiachana upana wa kidole," aliwaambia, "usinitafute kesho. Nipigie saa hiyo hiyo."

Mvua ya mwaka ule ilikuja na hasira. Siku ya nne, saa mbili asubuhi, simu ikalia.

"Bi Randa, mlango haufunguki kabisa!" Alikuwa mshonaji.

"Mstari umeachana kiasi gani?"

"Vidole viwili!"

Hajakata vizuri, akapiga muuza maziwa. Halafu mwingine, na mwingine. Kufika saa tatu walikuwa saba, wote wa safu moja. Akampigia mwanajiolojia.

"Kifaa cha hapo hakijatuma kitu tangu alfajiri," mwanajiolojia alisema. "Nilidhani ni betri."

"Si betri, mwanangu."

"Watoe watu, shangazi. Wote. Napiga king'ora sasa hivi."

Bi Randa aliacha randa, akachukua mtaimbo. Kuna waliokwisha kutoka kwa madirisha, lakini wengine walikuwa wamefungiwa ndani na nyumba zao wenyewe. Alipachika mtaimbo kwenye bawaba, akauegemea kwa uzito wote, mlango ukang'oka, akakimbilia wa pili. Mumewe alikwenda chekechea, akawatoa watoto wameshika kamba moja, akiwaimbisha jedwali la mbili kwa sauti kubwa ili wasisikie mlima unavyonguruma. Kwa fundi viatu, mlango wa jikoni ulikuwa umekwama na mama yake mzee yuko ndani.

"Huu wa saba!" Bi Randa alimpigia kelele, huku anang'oa.

"Niongezee hata wa nane, dada yangu, ilimradi atoke!" fundi viatu akalia, akambeba mama yake mgongoni.

Saa sita kasoro robo mlima ukaachia. Kwanza miti ya juu ikainama pamoja, halafu tope na mawe vikashuka kama uji mzito unaochemka, vikazoa kuta na mapaa. Haikuchukua hata dakika mbili. Kutoka uwanjani Bi Randa aliona bati la karakana yake likiinuka, likageuka mara moja, likazama.

Watu wakahesabiwa. Mia nne thelathini na mmoja. Mwanajiolojia akaomba wahesabiwe tena. Mia nne thelathini na mmoja. Hakuna aliyekosekana. Ukatoka mlio uwanjani ambao si kilio wala si shangwe, watu wakakumbatiana wakiwa wamelowa chapachapa, na fundi viatu akambeba Bi Randa juu juu na mtaimbo wake.

Usiku wa kwanza, wakiwa wamehifadhiwa kwa dada yake, Bi Randa alizililia randa za baba zilizozama na karakana. Mumewe, safari hii, hakuwa na mzaha.

Utafiti ulipochapishwa, jina la Bi Randa lilikuwa la pili kwenye orodha ya waandishi. Mumewe aliusoma kwa sauti mbele ya majirani. Mwenyewe aliomba karatasi, akavaa miwani, akapita jedwali mstari kwa mstari, kisha akampigia mwanajiolojia.

"Mmekosea. Kwa muuza maziwa ni kushoto, nyinyi mmeandika kulia."

"Tutasahihisha, shangazi. Lakini sikiliza kwanza." Vilisikika viatu vyake vikienda huku na huku. "Nimempata seremala mwingine, mji mwingine wa mlimani. Hana daftari. Ameandika ukutani kwa chaki, miaka ishirini na minne. Wanataka kupaka rangi ukuta Jumatatu!"

Bi Randa alikuwa ameshasimama, anatafuta kiatu cha pili kwa mguu.

"Waambie wasiguse hata brashi," alisema. "Basi la kwanza linaondoka saa ngapi?"