Boga Lisilo na Meno

Mama alikuja Johannesburg na mbuzi ya kukunia nazi ndani ya begi la nguo. Nilikuwa nimemwambia kwenye simu kwamba huku nazi ya kopo ipo tele, akanijibu hayo ni maji ya kuoshea vyombo. Basi mbuzi ikaja, ikakaa jikoni kwetu Malvern muda wote aliokaa yeye.

Kazi yangu muda huo ilikuwa ukalimani. Binti yangu amezaliwa hapa, ana miaka saba, na Kiswahili anaokota maneno mawili matatu tu. Mama naye Kiingereza hakijui kabisa. Nikakaa katikati yao, nachuja. Mama akisema, "Mtoto huyu mmemdekeza mpaka ameharibika," namwambia mtoto, "Bibi anasema anakupenda." Mtoto akilalamika kwamba chakula cha bibi kinanuka samaki, namwambia mama, "Anasema ameshiba." Nilijiona mpatanishi hodari. Kumbe mama alikuwa karibu kurudi Tanga bila kumjua mjukuu wake wa pekee, na hilo lilianza kuniuma.

Zilibaki siku mbili aondoke, ikafika ile sikukuu ya Kizungu ya watoto kuvaa vinyago na kuchonga maboga. Oktoba huku maboga mapya bado. Dukani nilipata moja la kijivu, bapa, la tangu msimu uliopita, ganda gumu kama ubao. Mama alipoliona uso ukamng'aa.

"Leo tunakula boga la nazi."

Nikamweleza kwamba hili tunalitoboa macho na mdomo, tunaliwekea mshumaa, linakaa dirishani.

"Chakula mkitie mshumaa? Eti mwanangu, nyinyi huku mna nini?"

Sikufasiri. Nilikata mfuniko, jasho likanitoka, nikampa mtoto kijiko atoe mbegu. Simu ikalia, mteja anaulizia gauni alilonipa nimshonee, nikatoka nayo kibarazani.

Niliporudi, mbuzi ilikuwa sakafuni na binti yangu ameikalia kinyume, meno ya mbuzi yako mgongoni kwake. Mama alimshika kiuno akamgeuza, akaweka mikono yake juu ya mikono ya mtoto, wakaanza kulikuna boga kwa ndani. Hawakusemezana. Nyama ya boga ikawa inaanguka kwenye sinia, na mimi nimesimama mlangoni kama mgeni.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyejua pa kuishia. Kwa mama, kuacha nyama kwenye ganda ni israfu, na mtoto alikuwa amenogewa. Walikuna mpaka ukuta wa boga ukawa mwembamba kama ganda la chungwa. Mtoto akachora meno, mimi nikapitisha kisu, na meno yote yakavunjika yakadondokea ndani. Likabaki pengo kubwa.

Nilijua kitafuata kilio. Mtoto akalitazama boga, akamtazama bibi yake, ambaye meno ya mbele yalishang'oka siku nyingi, kisha akafunua mdomo wake mwenyewe akagusa pengo lake. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Nilifurahi, na nakiri niliona wivu kidogo.

Halafu mama akaacha kucheka.

"Mwambie mimi sirudi tena. Magoti haya hayanileti huku mara ya pili. Na leo usimpambie maneno yangu."

Nikamwambia mtoto kama ilivyo, neno kwa neno. Alikung'uta boga lililomjaa mikononi. Kisha akaniambia kwa Kiingereza nimwambie bibi kwamba yeye atakwenda.

"Mwambie mwenyewe," nikasema.

Akageuka. Alitafuta maneno, midomo inacheza, mpaka nikatamani kumsaidia.

"Bibi, mimi kuja kwako."

"Njoo," mama akasema, akamvuta akampakata pale pale sakafuni. "Njoo upesi."